Utetezi wa Imani na Kweli ya Injili katika Desturi za Kanisa: Mfano wa Mafuta ya Upako katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano uliopo kati ya utetezi wa imani ya Kikristo na uaminifu wa desturi za kanisa kwa Injili. Kazi hizi mbili aghalabu hufundishwa kama masomo mawili yanayojitegemea: la kwanza huwaelekea walio nje ya kanisa, na la pili huwaelekea walio ndani. Makala inadai kuwa kwa asili yake kazi hiyo ni moja. Dai hili linajengwa kwa kuchambua maandiko ya Agano Jipya, ushahidi wa watetezi wa karne za kwanza, na mgogoro wa vyeti vya rehema wa karne ya 16. Baada ya hapo vigezo vinne vinapendekezwa na kutumiwa kupima desturi moja iliyoenea Afrika Mashariki, yaani matumizi ya mafuta ya upako. Inahitimishwa kuwa desturi ya kanisa ni hoja inayosikika kabla mhubiri hajafungua kinywa, na kwamba kanisa lisilopima desturi zake hujinyima haki ya kusikilizwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini waliokusanyika kwa ibada walikimbilia mahali palipomwagwa mafuta yaliyoombewa ili wayakanyage. Katika msongamano huo watu 20 walipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Waliokufa hawakwenda uwanjani kutafuta ugomvi wala faida haramu. Walikwenda kutafuta uponyaji, riziki na baraka, mambo ambayo kila mwanadamu huyahitaji.

Tukio la namna hiyo huibua maswali ya usalama: milango ilikuwa mingapi, walinzi walikuwa wapi, kibali kilitolewa kwa masharti gani. Maswali hayo ni ya lazima, na wenye mamlaka wanapaswa kuyajibu. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo polisi hawawezi kulijibu kwa niaba ya kanisa. Ni fundisho gani lililomfanya muumini aamini kwamba neema ya Mungu imewekwa juu ya kipande cha ardhi kisichotosha nyayo za wote, kiasi kwamba anayewahi huipata na anayechelewa huikosa? Swali hili ni la kiteolojia. Pia ni swali la utetezi wa imani, kwa sababu asiyeamini anayetazama kwa mbali hulitafsiri tukio hilo kama ufafanuzi wa Ukristo wenyewe.

Makala hii haikusudii kumhukumu mhubiri yeyote, wala haichunguzi kama miujiza hutokea au haitokei. Inachukulia, pamoja na mapokeo yote makuu ya Kikristo, kwamba Mungu husikia maombi ya wagonjwa. Linalochunguzwa ni iwapo desturi inayotumia jina la Injili inasema jambo lile lile ambalo Injili inalisema.

2.0 Dhana ya utetezi wa imani

2.1 Asili ya neno na wito wa Petro

Katika Kiyunani, neno apolojia lilitumika mahakamani. Lilimaanisha maelezo ya mshtakiwa anapojibu mashtaka mbele ya wanaomhukumu. Agano Jipya linalitumia kwa maana hiyo pale Paulo anapojitetea mbele ya umati wa Yerusalemu (Matendo 22:1) na anapokumbuka kesi yake ya kwanza ambayo hakuna aliyesimama naye (2 Timotheo 4:16). Andiko linalonukuliwa zaidi katika somo la utetezi, yaani 1 Petro 3:15, linalichukua neno hilo la mahakamani na kulipeleka katika maisha ya kila siku: muumini awe tayari kumjibu yeyote anayemuuliza sababu ya tumaini alilo nalo.

Mambo mawili katika andiko hilo husahauliwa mara kwa mara. La kwanza ni kwamba anayeanza mazungumzo ni muulizaji, na anachokiulizia ni tumaini. Hii ina maana kwamba ameona kitu katika mwenendo wa waumini kilichomshangaza. Kama hakuna kilichoonekana, hakuna kitakachoulizwa. La pili ni kwamba sentensi haikomi katika aya ya 15. Inaendelea hadi aya ya 16, ambamo jibu linatakiwa litolewe kwa upole na hofu, na kutoka katika dhamiri safi, ili wanaowasingizia waumini waaibishwe na mwenendo wao mwema. Kwa Petro, basi, hoja na mwenendo ni vipande viwili vya jibu moja.

Katika miji ya Afrika Mashariki ambako mihadhara ya hadhara kati ya Wakristo na Waislamu imekuwa sehemu ya maisha ya dini, utetezi umezoeleka kuwa shindano la kunukuu aya. Anayekumbuka aya nyingi na kuzitaja upesi huonekana mshindi. Stadi hiyo ina nafasi yake, lakini haikidhi matakwa ya andiko hili, kwa kuwa inakiacha kando kile ambacho Petro anakihesabu kuwa nusu ya jibu.

2.2 Meza ya Antiokia

Andiko la pili lenye uzito ni Wagalatia 2:11-14. Petro alikuwa akila pamoja na waumini wasio Wayahudi huko Antiokia. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, aliinuka na kujitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo alimpinga mbele ya wote, akieleza kuwa mwenendo wao haukuendana na kweli ya Injili.

Ni muhimu kuona kilichotokea na kile ambacho hakikutokea. Petro hakuhubiri fundisho potofu. Hakuandika waraka wala hakukana kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya mataifa. Aliondoka mezani tu. Hata hivyo, Paulo aliona kuwa kitendo hicho, pasipo neno hata moja, kiliwatangazia waumini wa mataifa kuwa imani yao katika Kristo haikutosha kuwapatia kiti mezani. Desturi ilikuwa imesema, na ilisema kinyume cha mahubiri.

Kutokana na andiko hili tunapata kanuni itakayotuongoza: desturi ya kanisa ni tamko la imani. Inaweza kupatana na mahubiri au kuyapinga, lakini haiwezi kunyamaza.

3.0 Ushahidi wa watetezi wa kwanza

Kanuni hiyo haikubaki katika barua za mitume. Katika karne ya pili, mwandishi wa dhihaka Lucian wa Samosata aliandika habari za kifo cha Peregrinus, mtu ambaye kwa maelezo yake aliwahi kujiunga na Wakristo wa Palestina, akawa kiongozi wao, na alipofungwa akaletewa zawadi na fedha nyingi. Lucian anatoa shtaka ambalo msomaji wa leo atalitambua mara moja: kwamba tapeli yeyote mwerevu akiingia miongoni mwa Wakristo anaweza kutajirika upesi, kwa kuwa ni watu wepesi wa kuamini.

Shtaka hili halihusu Utatu, ufufuo wala uungu wa Kristo. Linahusu fedha na wepesi wa kudanganywa. Kanisa lilikuwa na njia mbili za kulijibu. Ya kwanza ilikuwa kuwaambia walio nje jinsi lilivyoishi. Ya pili ilikuwa kuhakikisha kwamba maelezo hayo ni ya kweli.

Njia ya kwanza inaonekana katika maandishi ya Yustino Mfiadini. Utetezi wake wa kwanza, uliotolewa kwa Kaisari Antonino Pio katikati ya karne ya pili, unakaribia kumalizika kwa maelezo ya ibada ya Jumapili: kusomwa kwa maandiko, mahubiri, sala, mkate na kikombe. Kisha anaeleza sadaka. Wenye uwezo hutoa kadiri ya hiari yao, na kinachokusanywa huwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yustino alikuwa mwanafalsafa, na hoja za kifalsafa hazikumpungukia. Hata hivyo, aliona kuwa hesabu ya matumizi ya sadaka ni sehemu ya jibu analostahili Kaisari.

Mnamo mwaka 197, Tertuliani wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, alifanya vivyo hivyo katika utetezi wake. Anaeleza kuwa Wakristo wanayo hazina ya pamoja, lakini ndani yake hamna fedha za kununulia mambo ya Mungu. Kila mmoja hutoa kiasi kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, pasipo kulazimishwa. Fedha hizo haziendi katika karamu. Huwalisha na kuwazika maskini, na kuwatunza watoto wasio na wazazi pamoja na wazee. Kwa maneno mengine, mbele ya dola iliyokuwa ikiwaua Wakristo, mtetezi alitaja kama sifa ya imani yake kwamba ndani ya kanisa neema haina bei.

Njia ya pili inaonekana katika Didake, kitabu kidogo cha mwongozo wa kanisa cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kinatoa utaratibu wa kuwapokea wahubiri wasafiri. Apokelewe kwa heshima, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa safari, na akidai fedha ni nabii wa uongo. Anayesema kwa kudai uvuvio wa Roho kwamba apewe fedha asisikilizwe, isipokuwa kama anaziombea wengine wenye uhitaji. Papo hapo Didake inakiri kuwa nabii wa kweli anayekaa na jamaa anastahili chakula chake. Haichukii watumishi. Inachokataa ni kuugeuza uvuvio kuwa njia ya kujipatia mapato.

Ni dhahiri kwamba Yustino na Tertuliani waliweza kusema waliyoyasema nje kwa sababu ndani kulikuwa na taratibu za aina hiyo.

4.0 Vyeti vya rehema: desturi ilipoushinda ufafanuzi

Historia ya baadaye inaonyesha kinachotokea uhusiano huo unapovunjika. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi aliidhinisha kutolewa kwa rehema maalumu katika majimbo yaliyokuwa chini ya Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz. Nusu ya mapato ilikusudiwa kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na nusu nyingine ilimsaidia Albrecht kulipa deni lake kwa benki ya Fugger. Mhubiri aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo alikuwa Mdominiko Johann Tetzel. Kwa kuwa mtawala wa Saksonia hakuruhusu mauzo hayo katika nchi yake, watu wa Wittenberg walivuka mpaka hadi Jüterbog na Zerbst kwenda kujipatia vyeti. Martin Luther, aliyewaungamisha watu hao, aliziandika hoja zake 95 na kumpelekea Albrecht tarehe 31 Oktoba 1517.

Jambo linaloihusu makala hii ni hili: mafundisho rasmi ya wakati huo hayakusema kwamba msamaha wa dhambi hununuliwa. Yalitofautisha hatia ya dhambi na adhabu ya muda, na yalidai toba na maungamo. Mwanateolojia angeweza kuitetea rehema darasani kwa ufasaha. Lakini mtu wa kawaida aliyesimama mbele ya sanduku la fedha hakukutana na ufafanuzi huo. Alikutana na bei. Kama ilivyokuwa Antiokia, kitendo kilisema kwa sauti kubwa kuliko maneno.

Haitakuwa haki kuisimulia habari hii kana kwamba ni upande mmoja tu uliotambua tatizo. Mtaguso wa Trento uliifuta kazi ya wakusanya sadaka waliozunguka na rehema mwaka 1562, na mwaka 1567 Papa Pio wa Tano alibatilisha rehema zote zilizoambatanishwa na malipo. Kanisa Katoliki lilidumisha fundisho lake kuhusu rehema, huku likikiri kwa matendo kwamba desturi ya kulipia ilikuwa imelitia doa. Kwa hiyo, Waprotestanti na Wakatoliki, waliotofautiana kwa mengi, walikubaliana katika hili moja: palipo na bei, Injili haisikiki.

5.0 Vigezo vya kupima desturi na matumizi yake kwa mafuta ya upako

5.1 Mafuta katika Maandiko

Watetezi wa mafuta ya upako husema, na kwa haki, kwamba mafuta yamo katika Biblia. Swali ni yamo kwa namna gani. Kiyunani cha Agano Jipya hutumia vitenzi viwili ambavyo Kiswahili hukaribia kuviunganisha katika neno kupaka. Kitenzi aleifo hutumika kwa kumpaka mgonjwa mafuta (Marko 6:13, Yakobo 5:14). Kitenzi khrio, ambacho ndicho chimbuko la jina Kristo, hutumika kwa kumweka mtu wakfu kwa Roho (Luka 4:18; Matendo 10:38; 2 Wakorintho 1:21). Upako wa aina ya pili, kwa mujibu wa 1 Yohana 2:20 na 2:27, wanao waumini wote, tena unakaa ndani yao. Lugha ya kisasa ya mafuta ya upako huzichanganya maana hizi mbili, hata upako uliokuwa ndani ya kila muumini ukawa kitu kilichomo ndani ya chupa, na chupa ikawa mkononi mwa mtu mmoja.

Zaidi ya hayo, mafuta yalikuwa dawa. Isaya 1:6 inayataja katika kutibu majeraha, na Msamaria wa Luka 10:34 aliyamimina pamoja na divai katika vidonda vya mtu aliyepigwa. Yakobo anapoagiza mafuta pamoja na sala, hawezi kusomwa kana kwamba anashindanisha sala na tiba. Mafuta matakatifu ya Kutoka 30:22-33 nayo hayakuwa ya uponyaji hata kidogo, na ilikatazwa kuyaiga au kumpaka mtu asiye kuhani.

5.2 Kigezo cha kwanza: Je, desturi inauza kilichotolewa bure?

Mathayo 10:8 inaunganisha uponyaji na agizo la kutoa bure kwa kuwa umepokewa bure. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi aliyeikimbilia kwa siri akaondoka na ukoma (2 Wafalme 5). Simoni wa Samaria alipotaka kuununua uwezo wa kutoa Roho, Petro alimkemea vikali (Matendo 8:18-24). Kwa kigezo hiki, kupaka mafuta bila malipo katika maombi ya wagonjwa kunapita. Chupa yenye bei haipiti, hata kama bei hiyo imeitwa sadaka, mbegu au gharama ya chombo. Vilevile haipiti ngazi ya maombi ambapo anayetoa zaidi humfikia mtumishi mapema zaidi.

5.3 Kigezo cha pili: Je, ishara imechukua nafasi ya yule inayemwashiria?

Nyoka wa shaba alitengenezwa kwa agizo la Mungu mwenyewe, na waliomtazama walipona (Hesabu 21:8-9). Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba, akamwita Nehushtani (2 Wafalme 18:4). Mfano huu una uzito wa pekee, kwa kuwa unahusu kitu ambacho asili yake haikuwa na shaka. Kuwa na asili katika Maandiko hakuizuii ishara kuharibika baadaye. Muumini anapoogopa kulala bila mafuta kando ya kitanda, au anapoyapaka mlangoni mwa duka kama kinga, tofauti kati yake na mwenye hirizi imebaki katika jina tu. Jirani yake Mwislamu, ambaye katika dini yake pia kuna mjadala mrefu kuhusu hirizi na kombe, hulitambua hilo bila kufundishwa.

5.4 Kigezo cha tatu: Nani hubeba lawama mgonjwa asipopona?

Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni dhambi ya nani iliyosababisha mtu azaliwe kipofu, aliukataa msingi wa swali lao (Yohana 9:1-3). Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9). Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), na alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kuwa imani yake ni haba. Desturi inayomfundisha mgonjwa kwamba kutopona ni kosa lake humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Inayomfundisha kuacha vidonge ili aonyeshe imani huyaweka maisha yake rehani. Hapa ndipo kosa la kiteolojia linapoanza kuhesabiwa kwa makaburi.

5.5 Kigezo cha nne: Je, desturi inaruhusu kuulizwa?

Watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza mafundisho ya Paulo (Matendo 17:11). Manabii wa Korintho walitakiwa kupimwa na wenzao (1 Wakorintho 14:29), na Wathesalonike waliagizwa kujaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:21). Desturi inayomhesabu muulizaji kuwa muasi imejitoa yenyewe katika utaratibu wa mitume.

5.6 Mwelekeo wa hatua

Vigezo vyote vinne vinakutana katika jambo dogo la Yakobo 5:14 ambalo ni rahisi kulipita. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, nao wanamwendea. Wanaotembea ni wenye afya. Anayefikiwa ni aliyelala. Ni wazee, kwa wingi, wala si mtu mmoja mwenye kipawa. Wanajulikana na mgonjwa, na kesho watakuwapo kama atapona, na kama atakufa watamzika. Huko Moshi mwelekeo uligeuka: wenye shida ndio waliokimbia, mafuta yakabaki mahali pamoja, na aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Picha hizi mbili zinatumia mafuta yale yale, lakini kila moja inatangaza habari tofauti kumhusu Mungu.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba hairuhusiwi kuwagusa watiwa mafuta wa Bwana. Zaburi 105:15, inayotumiwa kwa kusudi hilo, inaeleza jinsi Mungu alivyowalinda Ibrahimu, Isaka na Yakobo dhidi ya wafalme walipokuwa wageni wachache katika nchi. Inawalinda wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Kuitumia kumlinda mwenye nguvu dhidi ya swali la mjane ni kuigeuza. Isitoshe, Daudi alikuwa mtiwa mafuta, na Nathani alimkemea ana kwa ana (2 Samweli 12).

Pingamizi la pili ni kwamba kazi ya kanisa inahitaji fedha. Hili ni kweli. Paulo anakiri haki ya watumishi kuishi kwa Injili (1 Wakorintho 9:14). Lakini alipobeba mchango wa makanisa kwa ajili ya Yerusalemu, alisafiri na wajumbe waliochaguliwa na makanisa yenyewe ili asilaumiwe, akitaka mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:19-21). Uhitaji wa fedha huambatana na wajibu wa kutoa hesabu.

Pingamizi la tatu, ambalo lina nguvu zaidi katika jamii zinazothamini sitara, ni kwamba kuyasema makosa ya kanisa hadharani ni kuwapa silaha wapinzani. Wahenga walikwisha kulijibu: mficha maradhi kifo humuumbua. Aprili 2023, miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, na idadi yake ikapita 400. Walikuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Baada ya hapo serikali ya Kenya iliunda jopo la kupitia sheria za taasisi za dini. Rwanda ilikuwa imetangulia: mwaka 2018 ilifunga mamia ya makanisa, na sheria ya mwaka huo ikawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya elimu ya dini. Kanisa lisipojipima kwa Injili, dola hulipima kwa vipimo vyake, ambavyo huenda visitofautishe tapeli na mtumishi mwaminifu asiye na cheti.

Pingamizi la nne linatoka upande mwingine: kwamba haya ni matatizo ya makanisa mapya, na makanisa ya kihistoria hayahusiki. Dai hili halistahimili uchunguzi. Katika sharika na parokia husikika malalamiko ya familia zilizonyimwa mazishi ya kanisa kwa sababu marehemu hakuwa amelipa zaka au michango. Viti vya mbele na vipaza sauti vimetolewa kwa wanasiasa wenye bahasha. Hapo pia neema imepata bei, ingawa haimo katika chupa. Kwa upande wa faraja, Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa fedha uliotolewa na Rais wa nchi katika parokia ya Soweto, likitaka kanisa lisitumiwe kisiasa. Kitendo hicho kilijibu shutuma nyingi za vijana kuliko ambavyo hotuba ndefu ingeweza kujibu. Kilikuwa utetezi wa imani kwa maana kamili ya neno hilo.

7.0 Matokeo kwa mafunzo na kwa utafiti

Mambo matatu yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, katika vyuo vya teolojia, somo la utetezi wa imani lifundishwe sambamba na somo la liturujia na uongozi wa kanisa. Mwanafunzi anayeweza kuutetea ufufuo mbele ya mpinzani, lakini asiyeweza kueleza kwa nini ushirika wake unauza maji yaliyoombewa, hajahitimu katika utetezi.

Pili, desturi za uponyaji zisipimwe kwa dharau. Watu hukimbilia mafuta kwa sababu hospitali iko mbali au ina gharama, kwa sababu hofu ya uchawi ni halisi kwao, na kwa sababu mara nyingi makanisa ya kihistoria yaliwaachia hofu hiyo waibebe wenyewe. Kanisa linalokemea chupa bila kuwatembelea wagonjwa limeondoa kibaya bila kuleta chema. Agizo la Yakobo bado linawasubiri wazee wanaolipuuza.

Tatu, utafiti wa nyanjani unahitajika kuhusu namna waumini wenyewe wanavyozielewa desturi hizi. Makala hii imechambua kile ambacho desturi inatangaza. Namna inavyopokelewa na mama aliyekaa na chupa hiyo kando ya kitanda cha mwanawe haiwezi kufahamika bila kumsikiliza yeye mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala ilianza na swali kuhusu fundisho lililowafanya watu wakimbilie ardhi iliyomwagiwa mafuta. Uchambuzi umeonyesha kuwa tangu meza ya Antiokia hadi sanduku la Tetzel, desturi imekuwa na uwezo wa kutangaza injili nyingine bila mtu yeyote kubadilisha kanuni ya imani. Umeonyesha pia kuwa watetezi wa kwanza, walipotakiwa kueleza imani yao mbele ya watawala, walieleza sadaka inakusanywaje na inamfikia nani. Waliweza kufanya hivyo bila aibu kwa sababu makanisa yao yalikuwa yamejiwekea vipimo.

Kwa hiyo, mtetezi wa imani katika Afrika Mashariki ya leo ana kazi ya kufanya nyumbani kabla ya kupanda jukwaani. Atakapoulizwa na jirani yake kama kwa Wakristo neema inauzwa, jibu la hapana litakuwa na uzito ule tu ambao desturi ya kanisa lake inaupa.